Zaïrois: jina letu lililopita katika mudomo wa Wareno

Hapa Kindu kuna wazee waliobadilisha utaifa mara tatu bila kuvuka mupaka hata mumoja. Tuchukue mufano wa mutoto aliyezaliwa Kibombo ao Kailo mwaka 1950. Siku ile aliandikwa kuwa « indigène » wa Congo Belge. Tarehe 30 Juni 1960 akawa Congolais. Tarehe 27 Oktoba 1971 akaamka Zaïrois. Tarehe 17 Mei 1997 akarudi kuwa Congolais. Nyumba yake ilikuwa ile ile, shamba lake lile lile, muto aliooga ndani yake ule ule. Kilichobadilika ni jina tu.

Wasomaji wapendwa, katika essai hii hatutaki kusifu utawala fulani wala kuulaani. Tunataka kuuliza maswali matatu: hili jina Zaïrois lilitoka wapi? Lilimaanisha nini kwa watu wa Maniema? Na kwa nini bado linafaa kufundishwa kwa vijana wetu, ambao wengi walizaliwa kisha kifo chake? Watu wengi wanajibu haraka: « Njo Mobutu alilileta. » Ni kweli nusu tu. Mobutu alilitoa katika sanduku, lakini sanduku lenyewe lilifungwa na Wareno zaidi ya miaka mia tano iliyopita.

Nzadi

Mwaka 1482 baharia Mureno, Diogo Cão, alifika mahali maji ya bahari yanabadilika rangi na kuwa maji ya muto. Alisimamisha pale nguzo ya mawe, kama mufalme wake alivyoagiza. Yeye mwenyewe aliuita muto ule Rio Poderoso, ndiyo kusema muto wenye nguvu. Jina lile halikukaa. Watu wa Kongo waliokuwa pale walikuwa na neno lao: nzadi, ni kusema muto mukubwa. Watu wengi wanalieleza pamoja na maneno « nzadi o nzere », muto unaomeza mito mingine yote.

Wareno walisikia nzadi na kulirudisha kwa namna midomo yao ilivyoweza. Ile n ya mbele ikaanguka, d ikageuka kuwa r, mwisho ukabadilika, na katika karta zao likaandikwa Zaire. Hakuna cha ajabu hapa. Siye wenyewe tunachukua « classe » ya Kifaransa tunasema kalasi. Kila mudomo unapika neno la mugeni kwa chungu chake.

Mwaka 1572 jina Zaire lilikuwa limekwisha kukomaa katika Kireno, maana mushairi wao mukubwa Luís de Camões alilitia katika shairi lake Os Lusíadas, pale anapoongea juu ya ufalme wa Kongo. Hata Waingereza walilijua: safari ya Tuckey ya mwaka 1816 iliandikwa katika kitabu chenye kusema ni safari ya kuchunguza muto Zaire, « ambao kwa kawaida unaitwa Congo ». Majina mawili yalitembea pamoja: Zaire jina la muto, Kongo jina la ufalme na la watu wake. Kisha Waingereza, Wafaransa na Wabeleji wakalipenda la pili, na Zaire likabaki zaidi kwa Wareno.

Kwa hiyo, tunaposema « Zaire ni neno la Kireno », tuseme vizuri. Muzizi ni wa Kikongo, umbo ni la Kireno. Ni kama mutoto wa hapa aliyepewa kanzu na mugeni.

Na si siye peke yetu. Cameroun ni neno la Kireno, camarões, kamba wa majini, kwa sababu Wareno waliwaona wengi katika muto wa kule. Gabon ni gabão, koti lenye kofia. Sierra Leone pia inatoka kwao. Tena utaifa wa Brésil ni wa kushangaza zaidi: wingi wa majina ya utaifa katika Kireno unaishia na -ês, -ano ao -ense, lakini mutu wa Brésil ni brasileiro, na -eiro ni mwisho wa majina ya kazi. Zamani brasileiro alikuwa mutu anayefanya biashara ya ule muti mwekundu unaoitwa pau-brasil. Kazi ikawa utaifa. Jina la taifa halianguki kutoka mbinguni. Linazaliwa katika biashara, katika safari, na mara nyingi katika masikio ya mutu asiyesikia vizuri.

Sisi wa Lualaba

Sasa turudi kwetu. Muto unaopita kati ya Kasuku na Alunguli, ambao tunavuka kwa mutumbwi kila siku, hapa hauitwi Zaire wala Kongo. Unaitwa Lualaba. Wagenia waliotega samaki ndani yake hawakumungoja mugeni awaambie jina lake.

Wazungu wenyewe hawakujua kwamba Lualaba na Zaire ni muto mumoja. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871 akifikiri labda maji haya yanakwenda Nil. Tarehe 15 Julai ya mwaka ule aliona pale sokoni mauaji ya kutisha, wanawake wengi wakipigwa risasi ao kuzama katika muto, na moyo wake ukavunjika. Cameron alipita Nyangwe mwaka 1874 bila kupata njia ya kuteremka na maji. Ni Stanley, akisindikizwa mwanzo na Tippu Tip, aliyeondoka hapa Maniema mwaka 1876 akafuata muto mpaka Boma mwezi wa Agosti 1877. Naye akataka kuubatiza « Livingstone ». Jina lile nalo halikukaa.

Tuone vizuri: Poderoso lilikufa, Livingstone lilikufa. Yaliyobaki ni Lualaba, Kongo na Zaire, yote matatu yenye muzizi katika midomo ya watu wa pembeni ya maji. Muto unakataa jina lisilokuwa na mwenyeji.

Maneno ya Kireno yalikuja Kindu kwa njia mbili

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikiri. Mureno wa zamani zile hakufika Kindu, lakini maneno yake yalifika, tena kutoka pande mbili.

Upande wa kwanza ni mashariki. Wareno walitawala Mombasa na sehemu za pwani. Ngome ya Fort Jesus walianza kuijenga mwaka 1593, na mwaka 1698 waliipoteza. Walipoondoka waliacha maneno katika Kiswahili: meza (mesa), bendera (bandeira), mvinyo (vinho), leso (lenço). Gereza linatoka kwa igreja, yaani kanisa. Ni neno lililobadilisha kazi yake kabisa. Hata jina Mureno lenyewe wataalamu wa lugha wanalitoa kwa reino, « ufalme », maana wao walijiita watu wa Ufalme. Kisha misafara ya Waungwana ilileta Kiswahili mpaka Kasongo, Nyangwe na Kindu katika karne ya 19, na maneno haya yakapanda juu ya vichwa vya wapagazi pamoja na mizigo.

Upande wa pili ni magharibi. Maneno yalipanda muto pamoja na mashua, askari na Lingala. « Poto » ao « mputu », maana yake Ulaya, ni jina la Portugal lililokatwa. Kwa watu wa kule chini, Muzungu wa kwanza alikuwa Mureno, basi inchi zote za Wazungu zikapewa jina la inchi yake. « Matabisi » tunayomupa mutu kwa kazi ndogo ni matabicho ya Kireno, « kuua mududu », ni kusema kile kinywaji ao chakula kidogo cha asubuhi cha kutuliza tumbo. Na makuta? Ile likuta ya zamani ilikuwa kitambaa cha raphia kilichotumika kama feza katika inchi za Kongo na Angola. Katika karne ya 18 Wareno walitengeneza sarafu za Angola wakaziita macuta. Hata leo tukisema « sina makuta », tunashika kitambaa cha wakoko bila kujua.

Kindu iko mahali njia hizi mbili zinakutana: meza ilitoka mashariki, matabisi magharibi. Zaïrois nalo lilitoka magharibi, lakini lilipofika hapa lilikuta jina lingine limekaa: Mungwana. Mungwana maana yake mutu huru, asiyekuwa mutumwa. Wabeleji walipendelea kusema « arabisés ». Tofauti ni kubwa. Mungwana ni jina ambalo mutu alijipa, tena kwa kujivuna; arabisé ni jina la kuandikiwa katika ofisi. Zaïrois lingekuwa la namna gani? Njo swali.

1971: « Z » tatu

Inchi ilipopata uhuru mwaka 1960 ilikuwa na shida ya jina. Congo zilikuwa mbili, zikatofautishwa kwa miji mikubwa: Léopoldville na Brazzaville. Mwaka 1967, mwezi wa Juni, feza mpya ilitoka na jina zaïre. Moja ilikuwa franga 1000 za zamani, na ilinunua dola 2 za Marekani. Ndani yake kulikuwa na makuta 100. Kisha tarehe 27 Oktoba 1971 inchi yenyewe ikawa République du Zaïre, na muto ukawa Zaïre. Njo zile « Z » tatu ambazo kila mwanafunzi wa wakati ule alizikariri: inchi, muto, feza.

Ilikuwa siku za « authenticité ». Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa, Monsieur na Madame wakawa citoyen na citoyenne, kravate ikaacha nafasi kwa abacost. Watu wenye kusoma walicheka chini chini: mbona kwa kurudia mambo ya wakoko tumechagua neno lililoandikwa na Wareno? Waliolitetea walijibu kwamba muzizi ni wa kwetu, nzadi, na kwamba jina la muto haliko la kabila moja, kumbe Kongo ni jina la watu fulani na la ufalme wao. Pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli. Lakini kwa mutu wa Maniema kulikuwa na shida ya tatu: hapa kwetu hata nzadi haikuwa neno la nyumbani. Tuliambiwa turudi kwa wakoko, na wakoko wenyewe walikuwa wa mbali, kule karibu na bahari.

Hata hivi, tusidanganye historia. Watu walilipenda jina lile. Mwaka 1974 Zaïre ilikuwa inchi ya kwanza ya Afrika nyeusi kucheza Kombe la Dunia la mpira, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Ali na Foreman walipigana Kinshasa dunia nzima ikitazama. Kwa mara ya kwanza Mukusu, Mulega, Mubangubangu, Musongola na Muzimba walikuwa na neno moja la kujibu wakiulizwa ngambo: « Niko Zaïrois. » Inchi jirani zilisema Wazaire, na waliposema vile walifikiri muziki na nguo nzuri.

Neno lilikuwa pia na uzito wa mali. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zaïrianisation: maduka, mashamba na kampuni za wageni zipewe Zaïrois. Wageni wale katika inchi walikuwa zaidi Wagiriki, Wahindi na Wapakistani, Wabeleji, na Wareno pia. Ajabu kweli: neno lililotoka katika karta za Wareno likamunyanganya Mureno duka lake. Maduka mengi yalianguka upesi, kwa sababu waliopewa wengi walipewa kwa urafiki, si kwa kujua kazi. Katika kinywa cha watu wadogo Zaïrois likaanza kugawanyika: kuna Zaïrois wa kupewa na Zaïrois wa kutazama.

Feza ilifuata njia ile ile. Mwaka 1993 ililazimu kuleta « nouveau zaïre », na moja ilikuwa sawa na milioni 3 za zamani. Mutu aliyeweka akiba yake chini ya kitanda alibaki na karatasi. Jina la inchi lilipoteza heshima kwanza sokoni, kabla halijapotea katika karatasi za serikali.

Nani ni Zaïrois?

Sasa tunafika mahali penye uchungu. Jina la utaifa lina milango miwili: linaingiza na linafukuza.

Maniema ilikuwa sehemu ya Kivu mpaka mwaka 1988, ilipokuwa jimbo peke yake. Kwa hiyo mambo ya sheria yaliyoumiza Kivu yalitugusa pia. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 iliwapa utaifa watu waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya mwaka 1981 ikakata ile, na watu waliolala Zaïrois wakaamka na mashaka. Miaka ya 1990 yakaja maneno « nationalité douteuse », utaifa wa mashaka. Neno la karatasi likawa neno la damu, kuanzia Masisi mwaka 1993 mpaka vita vilivyofuata. Kindu ilichukuliwa na AFDL mwisho wa Februari 1997, na miezi mitatu baadaye Zaïre haikuwako tena. Mwezi wa Oktoba 1998 vita vingine vilituingilia tena, na tunajua gharama yake. Sheria ya utaifa inayotumika leo ni ya tarehe 12 Novemba 2004.

Kindu yenyewe ilikuwa na somo lake mbele ya haya yote. Tarehe 11 Novemba 1961, askari Waitalia 13 wa ndege, waliokuja na mizigo ya ONU, waliuawa hapa. Askari waliowaua waliwazania kuwa Wabeleji, parachutistes wa upande wa Katanga. Watu 13 walikufa kwa sababu waliitwa jina la taifa lisilokuwa lao. Muji wetu ulijulikana duniani kwa jambo hili, na katika Italia jina Kindu lingali linatajwa kwa huzuni. Tusilifiche kwa watoto wetu. Anayefikiri kwamba majina ya mataifa ni muchezo wa maneno tu, amukumbuke Kindu ya 1961.

Neno lililobaki ngambo

Mwaka 1997 Zaïrois alikufa katika Kifaransa, lakini katika Kireno hakufa. Kisha 1971 Wareno na Waangola walikuwa wametengeneza neno zairense, mutu wa Zaïre. Katika Luanda zairense hakuwa tena mugeni kutoka Kinshasa peke yake. Wakongo wa Angola waliokimbilia kwetu wakati wa vita na kurudi kwao, wakiongea Lingala na Kifaransa, waliitwa zairenses pia, kwa dharau, kama watu wasiokuwa Waangola wa kweli. Tarehe 22 Januari 1993, siku inayoitwa kule « Ijumaa ya Damu », watu wengi waliuawa Luanda juu ya jina hili.

Tufikiri kidogo. Wakongo wale wana mizizi katika ufalme ule ule wenye neno nzadi. Mji wao mukubwa wa zamani, Mbanza Kongo, uliowekwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2017, uko katika jimbo la Angola linaloitwa hata leo Zaire. Neno walilolikopesha kwa Wareno liliwarudilia kama tusi. Na mwaka 2018, mamia ya maelfu ya Wakongomani walipofukuzwa katika machimbo ya almasi ya Angola na kumwagika Kasaï, hawakuulizwa kama wanajiita Zaïrois ao Congolais. Walifukuzwa tu.

Tulifanye nini jina hili?

Hapa Kindu wazee wanasema « wakati ya Zaïre » kama mutu anayesema « wakati ya mvua »: ni majira, si utaifa tena. Kuna wanaolikumbuka kwa hamu, kuna wanaolitemea mate. Sisi tunaona kwamba yote mawili hayatoshi.

Tunachopaswa kuchunga ni somo lenyewe. Kwanza, Congolais haliko safi kuliko Zaïrois. Yote mawili yana muzizi kwa watu wa Kongo, na yote mawili yalipita katika karta na ofisi za Wazungu kabla ya kuturudilia. Anayemucheka mwenzake kwamba jina lake ni la kigeni, atazame kwanza meza anayolia na makuta iliyo mufukoni mwake. Pili, utaifa si damu. Damu haiwezi kubadilika mara tatu katika maisha ya mutu mumoja, na jina lilibadilika. Kwa hiyo tusikubali mutu auawe juu ya kitu ambacho serikali inaweza kukigeuza kwa sahihi moja. Tatu, serikali ikituita jina hili ao lile, kuna majina ambayo hakuna ordonnance iliyoyaleta na hakuna ordonnance itakayoyaondoa: Lualaba ni moja.

Tunawaomba walimu wa Kindu, Kasongo, Kalima na Punia wafanye jambo ndogo. Siku ya historia, wanafunzi wamuendee muzee mumoja wa lupango na kumuuliza aonyeshe karatasi zake zote: livret ya zamani, carte ya Zaïrois, carte ya kura. Waziweke juu ya meza moja na kusoma majina ya inchi yaliyoandikwa. Kisha wamuulize yeye mwenyewe anajiita nani. Jibu lake waliandike, kwa maana wazee wanaondoka, na panya hawasubiri. Katika karatasi zile watoto wataona historia ya inchi nzima katika jina la mutu mumoja, na watajua kwamba mutu alikuwa pale kabla ya jina, na alibaki kisha jina kwenda.